Roketi Iliyoanguka Mbele ya Mobutu

Kila Starship ikilipuka, hapa Kisesa senta ubishi unaanza upya. Mmoja anafungua video kwenye simu, wengine wanainama kuangalia, na kabla moshi haujaisha kwenye kioo tayari kuna timu mbili. Timu ya kwanza inasema: "Hao ni watu binafsi, wanakimbilia hela. Serikali isingerusha kitu ambacho hakijaiva." Timu ya pili inajibu: "Serikali gani? Serikali ingekuwa bado kwenye kikao cha kuandaa kikao."

Nimekaa kwenye ubishi huo mara nyingi, na nakiri nilikuwa timu ya pili, tena kwa sauti. Leo nataka kuukosoa ubishi wenyewe, maana naona timu zote mbili zinang'ang'ania swali jepesi na kuliacha lile gumu. Na wala hatuhitaji kwenda Texas kutafuta mfano. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, kampuni binafsi ilirusha roketi mwaka 1977, zaidi ya miaka 30 kabla SpaceX haijafikisha chochote kwenye obiti. Na upande wa mashariki, kwenye maji ya karibu na Malindi, serikali za nje zilikuwa zinarusha za kwao. Kesi zote mbili tunazo nyumbani. Tuzisome.

Mabomba, mafuta ya taa na mota za wipa

Kampuni iliitwa OTRAG, na mwanzilishi wake alikuwa Lutz Kayser, mhandisi wa Ujerumani Magharibi. Ili kumwelewa inabidi tuanze na kushindwa kwa serikali. Miaka ya 1960 nchi kadhaa za Ulaya ziliungana kujenga roketi iliyoitwa Europa. Hatua ya kwanza walitengeneza Waingereza, ya pili Wafaransa, ya tatu Wajerumani, na kila nchi ililinda kipande chake. Tarehe 5 Novemba 1971 Europa ilirushwa kutoka Kourou, ikaharibika njiani kama zilizoitangulia. Mwaka 1973 mradi ukafutwa bila kuwahi kuweka setilaiti hata moja kwenye obiti.

Kayser mwenyewe alifanya utafiti wake wa mwanzo kwa fedha za serikali ya Ujerumani. Serikali hiyo ilipoamua kuungana na Ufaransa kwenye roketi mpya, Ariane, yeye akaenda kutafuta hela kwa watu binafsi. Akapata wawekezaji zaidi ya elfu moja, wengi wakivutwa na sheria ya kodi iliyowaruhusu kupunguziwa kodi kwa hasara ya kampuni. Mwenyekiti wa bodi akawa Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy cha NASA. Kwa hiyo tusidanganyane: hawa hawakuwa matapeli wa mtaani.

Wazo lao la kiufundi lilikuwa zuri kwa sababu lilikuwa rahisi. Badala ya injini moja kubwa ya bei mbaya, chukua mabomba membamba ya chuma, kila moja na injini yake ndogo chini, kisha yafunge pamoja kama mzigo wa kuni. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza mabomba. Mafuta yalikuwa ya aina ya mafuta ya taa, yakiunguzwa kwa msaada wa tindikali ya naitriki. Hapakuwa na pampu. Tangi lilijazwa kama theluthi mbili tu, na sehemu iliyobaki ikawekwa hewa iliyoshindiliwa, hiyo ndiyo ikayasukuma mafuta kwenda kwenye injini. Injini hazikugeuka pia. Kukata kona, unapunguza moto wa upande mmoja na kuacha wa upande wa pili. Na vali za kupunguza moto huo ziliendeshwa kwa mota za wipa za gari. Ndiyo, wipa hizi hizi za kufuta mvua kwenye kioo.

Rais Mobutu wa Zaire aliikabidhi kampuni hii eneo la kilomita za mraba 100,000 katika Shaba, yaani Katanga, hadi mwaka 2000. Ziwa Victoria lote, kuanzia Mwanza hadi Entebbe na Kisumu, ni kama kilomita za mraba 69,000. Yaani mtu binafsi alipewa ardhi inayolizidi ziwa letu zima, na watu wakiwa ndani yake.

Roketi ya kwanza, ya mabomba manne, iliruka tarehe 17 Mei 1977 kutoka uwanda wa juu unaotazama mto Luvua. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, siku zile zile ambazo askari wa Ufaransa walikuwa wanashuka kwa miamvuli Kolwezi, kusini ya Shaba hiyo hiyo. Zote mbili zilikwenda. Ya tatu ikapangwa tarehe 5 Juni 1978, na Mobutu akaja mwenyewe kuangalia. Roketi ikanyanyuka, ikapinda njia, ikaanguka.

Ya nne haikurushwa tena Zaire. Aprili 1979 Mobutu akaamuru kampuni isimamishe kazi. Wakahamia Libya, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 OTRAG ilikuwa imekwisha.

Hadithi mbili, na shimo katikati

Hadithi hii imerudi midomoni, hasa baada ya filamu ya Oliver Schwehm ya mwaka 2018, Fly Rocket Fly. Ukisikiliza wanaoisimulia, utasikia matoleo mawili.

Toleo la kwanza: Kayser alikuwa nabii, SpaceX kabla ya SpaceX, akauawa na siasa. Umoja wa Kisovyeti ulipiga kelele kwamba Wajerumani wanajaribu makombora Afrika, nchi jirani zikaogopa, na serikali za Magharibi hazikutaka mshindani wa Ariane. Toleo la pili: ilikuwa ni mbinu ya matajiri kukwepa kodi, wakitumia ardhi ya Waafrika na dikteta aliyetaka sifa.

Kila toleo lina ukweli wake. Siasa ilikuwepo, tena nzito. Ardhi kweli ilitolewa kama pipi. Ila angalia kinachokosekana katika yote mawili: roketi yenyewe. Tarehe 5 Juni inapitwa kama kichekesho, mzee kavaa kofia ya chui na chuma kinaanguka mbele yake. Hakuna anayeuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi angeuliza: baada ya pale, ni nani alipaswa kuchunguza, na angemwambia nani?

Swali hilo ni la hesabu kabla halijawa la siasa. Tuseme kila bomba lina uhakika wa asilimia 99 kufanya kazi yake. Kwa mabomba manne, uwezekano wa yote kufanya kazi ni 0.99 mara yenyewe mara nne, yaani kama asilimia 96. Safi. Lakini ili kufika kwenye obiti OTRAG ilihitaji kufunga makumi ya mabomba, na kwa mizigo mikubwa mamia. Chukua 64 tu: uwezekano unashuka hadi kama asilimia 53. Ni sawa na kurusha shilingi juu.

Ukiwa na mabomba mengi unaweza pia kupanga roketi ivumilie moja likizimika. Falcon 9 ina injini tisa, na Oktoba 2012 ilipoteza moja hewani na bado ikafikisha mzigo kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Ila ustahimilivu huo hauji bure. Unatokana na kujua kila injini inavyokufa, na hilo unalijua kwa kufungua iliyokufa na kuandika ulichokikuta. OTRAG ilikuwa na ndege tatu za kuanzia, na ya tatu ndiyo iliyokuwa na somo kubwa kuliko zote. Lakini aliyejenga, aliyerusha na aliyepaswa kuchunguza alikuwa mmoja. Uhai wake ulitegemea kumfurahisha mtu mmoja aliyekuwa amekaa pale akitazama. Mazingira hayo hayamruhusu mhandisi kusema "hatujui bado, tupeni mwaka mzima tufungue kila kitu".

Malindi hawakuwa na bahati

Timu ya kwanza hapa itashangilia: "Si tulisema? Angalia Malindi!" Kweli, tuangalie. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, Waitalia walirusha roketi za Kimarekani zinazoitwa Scout kuanzia tarehe 26 Aprili 1967 hadi 25 Machi 1988. Zilikuwa 9 za kupeleka setilaiti kwenye obiti, na zote 9 zilifika. Mojawapo, ya tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota.

Tisa kwa tisa. Ukiishia hapo utadhani serikali wana mkono wa baraka. Rudi nyuma kidogo. Scout ilianza kurushwa Julai 1960, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa aibu. Tarehe 20 Julai 1963, katika kisiwa cha Wallops kule Virginia, moto ulitoboa sehemu ya nyuma ya hatua ya kwanza, na roketi ikasambaratika sekunde chache baada ya kuondoka.

NASA wakasimamisha kila kitu. Walipokusanya ajali zote mezani, walikuta jambo la kuogofya kuliko kasoro moja kubwa: kila roketi ilikuwa imeanguka kwa sababu yake. Hapakuwa na mchawi mmoja wa kukamata. Tatizo lilikuwa kwamba timu mbalimbali zilizoiandaa zilifanya kazi kila moja kwa mtindo wake. Hivyo roketi zilizokuwa tayari zikarudishwa kiwandani Dallas, zikafunguliwa, zikapigwa eksirei, zikafungwa upya, na utaratibu mmoja ukaandikwa wa kufuatwa na wote. Desemba 1963 Scout ikarudi angani, ikiwa roketi nyingine kabisa kwa tabia. Hiyo ndiyo iliyokuja Malindi.

Na nani aliitengeneza? Kampuni binafsi, LTV, kwa mkataba wa serikali. Kwa hiyo hata kesi ya serikali haikuwa ya serikali tupu, kama ambavyo ya Kayser haikuwa ya watu binafsi watupu.

Timu ya pili nayo isubiri

Sasa wenzangu wa zamani watasema: "Basi SpaceX je?" Haya. Falcon 1 ilishindwa Machi 2006, Machi 2007 na Agosti 2008, mara tatu mfululizo. Ile ya tatu iliponzwa na kitu kidogo sana: injini ya hatua ya kwanza ilipozimwa ilibaki na msukumo kiasi, na hatua hiyo ikaigonga ya pili kwa nyuma baada ya kuachana. Dawa ilikuwa kuongeza sekunde chache za kusubiri. Tarehe 28 Septemba 2008, chini ya miezi miwili baadaye, ya nne ikafika.

Hii ndiyo hadithi tunayoipenda, na ni ya kweli. Lakini kuna mstari tunaouruka. Mwaka 2006 NASA walikuwa wameshaingia mkataba na SpaceX wa dola milioni 278 kwa ajili ya roketi kubwa zaidi, na Desemba 2008 wakaongeza mwingine wa dola bilioni 1.6. Kampuni ilikuwa na ujasiri, hilo silipingi. Ila ilikuwa pia na mteja aliyeona roketi ikianguka mara tatu na bado akataka kujua kwa nini, badala ya kuifukuza nchini.

Na wale wanaoiamini serikali kwa sababu tu ni serikali, niwape N1, roketi ya Umoja wa Kisovyeti ya kwenda mwezini. Injini 30 kwenye hatua ya kwanza, na hatua hiyo haikuwahi kuwashwa nzima ardhini kabla ya kurushwa. Ilirushwa mara nne kati ya Februari 1969 na Novemba 1972, ikaanguka mara nne, na wananchi waliolipia hawakuambiwa hata kwamba ilikuwepo hadi miaka ya mwisho ya 1980. Ilikuwa mali ya umma, lakini umma haukuijua.

Ukizipanga kesi hizi, mstari wa "binafsi" na "serikali" haukupi majibu. Scout na N1 zote za serikali, moja ikapona na moja ikazikwa. OTRAG na SpaceX zote binafsi, hivyo hivyo. Kinachozitenganisha ni mambo matatu yanayotokea baada ya moshi: je, kuna anayeruhusiwa kusimamisha kazi? Je, kinachogunduliwa kinaandikwa mahali ambapo mwingine anaweza kukisoma na kukipinga? Na je, mwenye roketi ana uwezo wa kuishi hadi jaribio linalofuata?

Sisi wa ziwani tunalijua hili

Mwaka 1996 Ulaya ilirusha Ariane 5 kwa mara ya kwanza. Ilikuwa tarehe 4 Juni. Haikumaliza hata dakika moja, ikalipuka. Siku 45 baadaye tume ya uchunguzi ikatoa ripoti, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma hadi leo. Inasema bila kuzunguka: programu ya Ariane 4 ilihamishiwa kwenye roketi yenye kasi zaidi bila kupimwa upya, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi yake kwenye kompyuta, kompyuta ikazima, roketi ikapotea. Cha kuumiza, kipande hicho cha programu hakikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka. Kila anayesoma programu za kompyuta hukutana na kesi hiyo darasani. Kosa la Wazungu limekuwa mali ya wanafunzi wa dunia nzima, pamoja na sisi.

Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Sina haja ya kumwelezea mtu wa huku. Ilikuwa meli ya shirika la umma, na ilibeba watu kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Kivuko cha serikali, uwezo wake abiria 101, kikiwa na zaidi ya mara mbili yao. Miaka 22, ziwa lile lile, sababu ile ile.

Silinganishi chuma kilichoanguka porini na roho za watu. Nasema kwamba ripoti ni kifaa, kama vali au pampu. Inafanya kazi pale tu inapofika kwa mtu anayesimama getini akihesabu abiria, na mtu huyo akawa na nguvu ya kusema "imejaa, haiondoki". Scout ilipona kwa sababu kilichogunduliwa kilifika hadi kwenye mkono wa fundi anayekaza nati. Ziwa letu halikupata hilo, na hakuna aliyeuliza kwanza kama meli ni ya binafsi au ya serikali.

Chuma cha Makueni

Kwa nini nasumbuka na haya nikiwa Kisesa? Kwa sababu sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mahali ambapo dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na kumpa kila anayerusha kuelekea mashariki msukumo wa bure. Ndiyo sababu Waitalia walikuja Malindi, na ni mojawapo ya sababu Kayser alikwenda Shaba. Watakuja wengine. Wengine hawatahitaji hata kuja: tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kama kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Kijijini pale, swali la kwanza la watu halikuwa kama mwenye roketi ni kampuni au ni serikali. Walitaka kujua ni nani atawajibika.

Sheria ya kimataifa, kwa bahati, inafikiri kama wanakijiji wale. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 unaibebesha nchi wajibu wa shughuli zake za anga, ziwe zinafanywa na serikali au na watu binafsi. Ule wa mwaka 1972 kuhusu fidia unaihesabu hata nchi iliyotoa ardhi ya kurushia kuwa mmoja wa warushaji. Soma hiyo sentensi mara mbili. Ukimkodishia mtu uwanja wa kurushia, roketi yake ikiangukia kwa jirani, na wewe umo.

Kwa hiyo siku kampuni au serikali yoyote ikija na mkataba wa uwanja, kwenye ufukwe wowote wa Afrika Mashariki, ningependa ubishi wa pale senta ubadilike. Tusibishane tena kama watu binafsi ni wezi au serikali ni wazembe. Tudai ukurasa mmoja uwekwe ndani ya mkataba, wenye majibu ya maswali haya: roketi ikianguka, nani anasimamisha kazi bila kuomba ruhusa kwa mwenye hela? Nani, asiye mjenzi wala mfadhili, anaingia kwenye uchunguzi? Ripoti inatoka ndani ya siku ngapi, na inawafikia vipi watu walioko chini ya njia ya roketi, kwa lugha wanayoisoma? Na nani analipa?

Mobutu alisaini mkataba wa ardhi inayolizidi Ziwa Victoria. Tarehe 5 Juni 1978 roketi ilipoanguka, watu wa Shaba hawakuwa na mahali pa kuuliza hata swali moja kati ya hayo. Sisi bado hatujasaini chochote. Ndiyo wakati mzuri wa kuuliza.